Koplo na Masikio ya Kanisa

Mtu aliyejenga kanisa letu hakuwahi kukaa ndani yake hata kwa Misa moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimshuku kwa miaka mingi, na sitaki mtu aje aniambie kwamba nilimshuku bure. Jumapili, ubao wa kuitia watu ukishagongwa, sisi tuliingia, naye akabaki nje. Wala hakukaa mbali, kama wale walevi wanaosubiri wake zao watoke. Alisimama papo hapo ukutani, kofia mkononi na shavu kwenye jiwe, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Wakati wa komunyo Padri alimfuata mlangoni. Misa ikiisha alivaa kofia akaenda zake.

Kwetu, mtu asiyeweza kukaa mbele ya altare huwa ana sababu, na sababu yenyewe haitajwi mbele ya watoto.

Tulimwita Koplo. Jina lake nalijua na ukoo wake naujua, lakini siviandiki hapa. Hata wanawe walimwita Koplo, na mkewe alipokasirika alimwita "huyo koplo wenu." Alikuwa amerudi kutoka vita vya pili vya Wazungu na makoti mawili, buti, na Kiswahili cha kambini ambacho hakukivua. Sisi kwa sisi tulisema Kigusii. Yeye hata akiomba maji aliomba kama anayekagua gwaride: "Wewe mama, leta maji. Pesi pesi!" Mgusii mtupu, mwenye shamba na migomba, anazungumza na jirani zake kama mgeni! Mimi niliona kwamba mtu akikimbia lugha ya mama yake, kuna jambo analificha humo.

Mimi mwenyewe niliolewa kwenye kilima hiki, kati ya Kebirigo na Nyamira, na huitwa Ng'ina Moraa, yaani mama yake Moraa. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho, nikabaki na pareto, migomba na kwaya. Kwaya niliiongoza tangu kanisa likiwa banda la nyasi. Nilizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na makengeza. Nikipewa sukari dukani, naionja kwanza. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa vivyo hivyo, na ndiyo sababu tulipatana.

Kanisa lenyewe lilianza kwa kusikia vibaya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, banda la nyasi limeoza, wazee wa kanisa wameketi kushauriana watajenga nini. Koplo akasimama, akapiga mguu chini, akasema alipokuwa vitani aliona kanisa la Waarmeni katika milima ya Lebanoni, na kwamba anaweza kulijenga hapa. Aliyasema kwa kile Kiswahili chake, haraka haraka. Wazee wetu, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuuzia kuku sokoni, walisikia "Warumi." Nani angekataa kanisa la Warumi? Si ndio sisi? Wakapiga makofi. Padri, Mzungu mwenye pikipiki na vigango vingi vya kuzungukia, aliambiwa kwamba waumini wameamua kujenga kwa mtindo wa Kirumi. Alifurahi mno, akabariki jiwe la msingi.

Ukuta ulipofika kimo cha mtu ndipo mzee mmoja alipouliza, "Hawa Warumi, mbona nyumba yao imenenepa hivi?"

"Warumi gani?" Koplo akasema. "Mimi hapana sema Rumi. Mimi nasema Armeni. Ar-me-ni!"

Wazee wakatazamana. Kubomoa ilikuwa aibu, na kuendelea ilikuwa hofu. Wakachagua hofu. Mimi nilisema siku hiyo hiyo kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini wakati huo nani alimsikiliza mwanamke?

Kusema kweli alijua kujenga. Ukuta wake ulikuwa kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani, zote za mawe ya kuchongwa, na katikati akajaza kokoto na chokaa mpaka vikashikana. "Ukuta ni watu wawili," alisema, "na katikati iko neno yao." Watu waliosikia hilo walianza kujiuliza ni neno gani. Madirisha yalikuwa membamba, ya kupitisha mkono tu. Ndani hakuweka nguzo hata moja. Jengo lilikuwa na umbo la msalaba mfupi, na katikati yake, juu, aliinua mnara wa pande nane, akaufunika kwa paa lililochongoka. Alitaka paa hilo liwe la mawe, Padri akaogopa litatuangukia, wakakubaliana mabati.

Paa lile ndilo lililowachekesha watu kwanza, kabla halijawatisha. Lilikuwa kama paa la nyumba zetu za zamani, zile za msonge. Mtu akitoka Ekerenyo akaliona kwa mbali, angedhani mzee fulani amejenga nyumba yake juu ya kanisa. Zamani kwetu nyumba ya mwanamume ilikuwa na kijiti pale kileleni, na mwenye nyumba akifa, kijiti kinavunjwa. Wazee wakamuuliza Koplo kwa kejeli, mbona kileleni umeweka msalaba, kijiti kiko wapi, na mwenye nyumba akifa mtavunja nini?

"Mwenye nyumba hii alikufa kitambo," akajibu. "Hapana kufa tena."

Padri aliposimuliwa jibu hilo alilihubiri Pasaka nzima. Mimi nililiona jibu la mtu mjanja, na mjanja hachoki kujibu.

Mbele ya mlango alijenga ukumbi mkubwa, karibu sawa na kanisa lenyewe, na kuzunguka yote akajenga ua wa mawe wenye lango, na vyumba vimeegemea ua huo kwa ndani. Alisema Waarmeni hawajengi kanisa, wanajenga boma. Wajane wanakaa humo, yatima wanasoma humo, mapadri wanalala humo, na lango likifungwa wote ni mji mmoja. Hilo tulilielewa, maana sisi ni watu wa maboma. Lakini wajane wetu walikuwa na nyumba zao, na vyumba vile vikaishia kuwekewa pareto.

Misalaba aliichonga kwa lile jiwe laini la kule Tabaka ambalo watu huchongea vifaru na visahani vya kuuzia watalii. Alikwenda mwenyewe kulichagua. Misalaba yake haikuwa na Yesu juu yake. Chini ya mti wa msalaba palikuwa na majani yanayochipua kulia na kushoto, na pembeni mikanda iliyosukwa, inapita juu, inapita chini, huoni ilikoanzia wala inakoishia. Wanawake walisema yale ni mafundo. Na mtu anayefunga mafundo, kwetu, anafunga kitu, au anamfunga mtu.

Saa sita, mafundi wakila viazi vitamu kivulini mwa ukuta, Koplo aliwasimulia habari za Waarmeni, nami nilipopeleka maji nilichelewa makusudi. Alisema walimpokea Kristo kabla ya Warumi, na hapo alitutazama kwa dharau. Alisema mtakatifu wao alitupwa na mfalme katika shimo lenye nyoka, na mjane mmoja akawa anamtupia mkate humo mpaka mfalme alipopagawa, akawa anakoroma kama nguruwe, ikabidi mtu wa shimoni atolewe amwombee. Alisema wale aliowaona yeye walikuwa wamefukuzwa makwao kwa panga, wakatembezwa jangwani, na waliosalia walipofika kwenye ile milima walijenga kwanza kanisa lililofanana na la nyumbani. "Kule kwao hapana kurudi kupima," alisema. "Wao najenga na kichwa tu. Iko hivi, iko hivi, mzee moja nasema hapana, iko vile, wao nalia, wao najenga."

Hapo sauti yake ilipungua, akatafuta mwiko ambao ulikuwa mkononi mwake.

Lakini alikuwa mwongo. Nalisema wazi. Alidai amekula ngamia mzima na wenzake wawili. Alidai amepeana mkono na mfalme, na ukimuuliza mfalme yupi alisema, "Wa huko." Na hapo hapo, ukimwazima jembe alilirudisha limeoshwa, na neno alilokuahidi kuhusu jiwe au siku alilitimiza. Sijui mtu anawezaje kuwa mwaminifu kwa jembe na mwongo kwa mfalme. Msemo wake aliokuwa akiupenda ulikuwa, "Jiwe hapana danganya," na mkewe akiusikia alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu.

Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikaa mwisho wa njia nikamngojea. Nilimuuliza mara nyingi, mwaka hadi mwaka, lile kanisa la Waarmeni lilikuwaje. Habari za nje hakubadilisha hata siku moja. Pande nane, paa lililochongoka, msalaba wenye majani kulia kwa lango, jiwe lililopasuka kwenye kizingiti, mtini uani. Lakini za ndani! Mara ndani ni dhahabu tupu. Mara ndani ni peusi kwa moshi wa mishumaa kama jikoni kwa bibi. Mara kuna mayai makubwa ya mbuni yamening'inizwa darini, na mwaka uliofuata mayai hakuna, kuna taa. Nikamwambia, "Koplo, mwaka jana ulisema mayai."

"Mwaka jana iko mayai," akasema, akaenda.

Nilifika nyumbani nikajiambia kwamba mtu huyu hakuona kitu. Alisikia habari kwa askari mwenzake, akatujengea uvumi.

Sasa nije kwenye vyungu, maana hivyo ndivyo vilivyotaka kumuua.

Kuta zilipofika juu, Koplo alipita nyumba kwa nyumba akiomba vyungu. Wakati huo sufuria zilikuwa zimeshaingia kila jiko, na vyungu vya udongo vilikuwa vimekaa pembeni na masizi yake. Hakuchukua chochote tu. Alikiinua chungu, akakipuliza mdomoni kwa upole, akasikiliza, halafu akasema, "Hii namna nzuri," au, "Hii nasema uongo," akakirudisha. Mimi ni mtu wa kwaya, nilisikia kwamba kila kimoja kilikuwa na sauti yake, na kwamba alichukua vya sauti nene na vya sauti nyembamba kwa kuchagua. Kwangu alikichukua chungu cha mama mkwe wangu, kile alichopikia uji wa wimbi, chenye pengo kwenye ukingo alilolitengeneza mume wangu alipokuwa mtoto. Nilimuuliza ni cha nini.

"Ni masikio ya kanisa."

Akavijenga humo ukutani, juu mnarani na kwenye pembe, vimelala ubavu, midomo yake ikitazama ndani. Kimoja tu kilikuwa chini kiasi cha kufikiwa kwa ngazi fupi, nyuma ya mahali pa kwaya. Ukiwa ndani uliona matundu meusi yakikutazama. Padri alieleza kwamba vyungu vile vinasaidia sauti, na ni kweli kwamba siku ya kwanza tulipoimba humo, wimbo ulipanda ukakaa juu ya vichwa vyetu baada ya sisi kunyamaza. Nilisisimka mwili mzima. Lakini kusisimka si ushahidi. Hata mchawi anasisimua.

Na kila mtu wa kwetu anajua mchawi, omorogi, anachukua nini. Anachukua kitu chako, kitambaa, unywele, udongo wa unyayo wako, kitu kilichokula nawe. Anakificha ndani ya ukuta au darini. Tulikuwa tumempa Koplo vyungu vya mama zetu kwa mikono yetu, naye amevifungia ukutani, kisha anabaki nje na sikio limegusa jiwe. Anasikiliza nini?

Halafu ikagunduliwa kwamba Jumamosi huwa anashuka Kebirigo, anasimama nje ya kanisa la Wasabato vile vile, shavu ukutani, mpaka waimbe wamalize. Wasabato walimfukuza wakidhani ni mpelelezi wa Wakatoliki. Sisi tulidhani sasa analoga madhehebu mawili.

Mvua za masika za mwaka mmoja zilileta surua. Jirani yangu, Ng'ina Nyaboke, mwanamke mpole aliyekuwa ametoa vyungu viwili, alimzika Nyaboke, binti yake wa pekee. Watoto wengine waliugua wakapona. Lakini watu hawahesabu wanaopona. Lisemwalo lipo, wakasema, na likiwa halipo linakuja. Ng'ina Nyaboke hakumtaja mtu yeyote. Alikaa tu mlangoni kwake akirudia, "Nataka nijue ni nini. Nataka nijue tu." Wanaume wa kilima ndio waliojua kwa niaba yake. Padri alipokwenda Kisii kwa shughuli zake, walimwita omoriori.

Omoriori ni yule mfichuaji wa uchawi, kazi yake ni kuingia katika boma, kunusa huku na huku, na kuchimbua vitu vilivyofichwa. Huyu alitoka mbali, mtu mrefu mwenye koti zito la sufi. Uani walijaa watu kama siku ya soko. Ambacho kingetokea tulikijua wote. Pembe ya dawa ikitoka ndani ya chungu, nyumba ya Koplo ingechomwa kabla jua halijatua, na yeye kama hangekimbia angechomwa nayo, na kanisa lingebomolewa jiwe kwa jiwe. Kulikuwa na vijana walioshika mitaimbo tayari.

Koplo alikuwepo. Alisimama mlangoni, mgongo wima, mikono ubavuni. Mkewe alikuwa amepiga magoti nyuma yake.

"Sema," wakamwambia. "Vyungu vya nini?"

"Mimi nasema siku mingi. Ni masikio. Mtu naimba, nyungu nasikia, nyungu najibu. Hapana dawa."

Watu wakazomea. Mwenye mayai ya mbuni na ngamia mzima, nani amwamini leo? Hata mimi sikumwamini. Nasema hivyo bila haya. Mtu aliyekudanganya juu ya mfalme hana pa kushika akisema kweli juu ya chungu.

Omoriori alizunguka ndani, akanusa, akatetemeka, akasimama chini ya kile chungu nyuma ya mahali pa kwaya. Akaitisha ngazi. Mimi nilikuwa karibu, maana pale ni mahali pangu. Jua lilikuwa kali, ndani tumebanana, jasho linamtiririka, na koti halivui. Tena mkono wake wa kushoto alikuwa amekunja vidole akashika ncha ya mkono wa koti, kama mtoto aliyetumwa yai dukani. Na mimi, nilivyosema, sukari naionja.

"Vua koti," nikasema.

Hakuna aliyezoea kumwambia omoriori afanye jambo.

"Mama, dawa yangu itaharibika," akasema.

"Kama itaharibika, iharibike ukiwa chini. Mama mkwe wangu aliniambia, zamani omoriori hakuingia bomani kabla hajapapaswa. Sisi ndio tumekuwa waoga. Vua."

"Huyu ni wa Koplo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mimi si wa Koplo! Koplo simwamini hata akiniambia leo ni leo. Na huyu pia simwamini. Avue koti halafu apande, pembe ikitoka mimi mwenyewe nitabeba kuni."

Wangeweza kunipiga. Mitaimbo ilikuwa karibu nami kuliko mlango. Aliyeniokoa, na kumwokoa Koplo, ni Ng'ina Nyaboke. Alikuja mbele polepole na kitambaa chake cha matanga kichwani, akamtazama yule mtu usoni.

"Vua," akasema. "Mimi ndiye niliyefiwa. Nataka nijue kweli, sitaki kuonyeshwa."

Yule mtu alipokataa, wanaume wawili walimshika. Pembe ilianguka kutoka kwenye mkono wa koti, imefungwa nywele na kitambaa chekundu, ikabingirika mpaka miguuni mwa benchi. Sitaeleza alivyotoka mle. Nasikia buti lake moja lilikaa kwenye mtaro wetu mpaka kiangazi.

Watu walidhani mambo yamekwisha. Kwangu yalikuwa hayajakwisha, maana tapeli akishikwa haimaanishi kwamba mtuhumiwa ni safi. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikaingiza mkono kwenye chungu mpaka kwapani. Vumbi. Majani makavu ya kiota cha zamani. Kisha vidole vyangu vikapita kwenye ukingo, vikakuta lile pengo. Kilikuwa ni chungu cha mama mkwe wangu. Kwetu maneno yamegeuka, tata ndiye baba, na baba ndiye mama. Sijui kwa nini, niliweka mdomo pale tunduni nikaita kwa sauti ndogo, "Baba." Chungu kikaitikia, "Baba," kwa sauti nene kuliko yangu, kutoka ndani. Nililia pale pale juu ya ngazi, mbele ya watu wote. Ng'ina Nyaboke akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, njoo uone, na yeye akapanda. Aliita jina la binti yake humo. Alipolisikia likirudi alishuka akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumjulia tena sababu ya msiba wake.

Koplo hakunishukuru. Alingoja nishuke, akanitazama kutoka mlangoni na kusema, "Wewe mama, mkono ya uchafu hapana tia ndani ya nyungu. Sauti naharibika."

Baada ya hapo hakuna aliyemwita omorogi tena. Lakini mimi shaka yangu ilikuwa bado na chakula. Kutokuwa mchawi ni jambo moja, kutokuwa mwongo ni jingine. Mbona haingii? Nilimuuliza mara kadhaa na kila mara alikuwa na jibu: magoti, moshi wa ubani, viatu. Mtu mwenye sababu moja huitoa moja.

Nilimpata miaka ya sabini ikienda kuisha. Alikuwa mzee, buti zimemshinda, anavaa malapa. Tulikuwa na mazoezi ya nyimbo za Pasaka mchana wa siku ya kazi, kanisa halina mtu ila sisi. Nilitoka nje kutema mate, nikamkuta ukutani pale pale, shavu kwenye jiwe, macho amefumba. Niliwaambia akina mama waendelee bila mimi. Nikaenda nikasimama karibu naye.

"Tata," nikasema kwa Kigusii, "leo hakuna Padri, hakuna wazee. Niambie. Lile kanisa ulilionaje ndani?"

Alifumbua macho. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinijibu kwa lugha ya nyumbani. Kigusii chake kilikuwa kizuri, cha taratibu, cha mtu aliyelelewa na bibi. Ndipo nilipogundua kwamba uongo wake wote alikuwa ameusema kwa Kiswahili cha kambini.

"Sikuingia," akasema. "Jeshi lilikuwa limeweka unga na mablanketi kwenye vyumba vya ule ua, mimi nikawekwa langoni kulinda. Amri ya bwana mkubwa ilikuwa askari mweusi asivuke kizingiti. Padri wao, mzee mwenye ndevu hadi hapa, kila Jumapili alikuja mlangoni akanipungia mkono, ingia, ingia. Nilikuwa na bunduki na amri. Sikuingia. Walipoimba nilikwenda nyuma nikaweka sikio ukutani. Fundi wao mmoja, tuliyegawana sigara, alinionyesha kwa mikono habari za vyungu. Halafu tukapakiwa kwenye malori tukaondoka."

"Na dhahabu? Na mayai?"

"Watu waliniuliza ndani kukoje. Ningesema nini? Kwamba walinisimamisha nje kama mbwa?"

Nilikuwa nimemngojea mwisho wa njia miaka yote hiyo, na sasa amefika nilitamani asingefika.

"Lakini hapa hakuna bwana mkubwa," nikasema. "Hapa ni kwako. Umejenga kwa mikono yako. Mbona huingii?"

Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto.

"Ng'ina Moraa, lile la kule nalijua kutoka nje tu. Nikikaa ndani ya hili, nitajuaje kama nimelijenga sawa?"

Ndani akina mama walikuwa wamefika kwenye kiitikio. Niliweka sikio langu kwenye jiwe, karibu na lake. Miaka yote hiyo nilikuwa naimba humo, na sikuwahi kusikia wimbo wetu kutoka nje. Ulikuja kupitia ukutani mzito, umechelewa kidogo, kama watu wengi wanaoimba mahali mbali ambapo huruhusiwi kwenda.

"Ni sawa?" nikamuuliza.

"Karibu," akasema. Akasikiliza mpaka kiitikio kikaisha. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na wewe niambie. Wakiimba hivi, ndani kukoje?"

Nikafikiria zile benchi za mikaratusi, chokaa inayobanduka, magunia ya pareto yaliyosahauliwa pembeni. Mimi ambaye sukari naionja.

"Ndani ni dhahabu tupu, tata," nikamwambia. "Na mayai ya mbuni yamening'inia."

Koplo aligeuza uso akanitazama kwa muda mrefu, kwa shaka, vile vile nilivyokuwa nikimtazama yeye. Kisha akarudisha shavu lake kwenye jiwe.